Kabla ya Kufyatua, Lete Ushahidi

Mimi ni wakili hapa Kisangani. Naandaa mafaili ya wahanga wa Vita vya Siku Sita, watu waliopigwa na makombora wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wetu, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Nikiulizwa kama nchi iliyoshambuliwa na magaidi ina haki ya kulipiza kwa jeshi, jibu langu linatoka kwenye mafaili hayo.

Mama anakuja na mfuko wa plastiki. Ndani mna kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo cha mtoto na picha iliyoliwa na unyevu.

"Mama, mtoto alifia wapi?"

"Tshopo, Maître, upande wa daraja."

"Nani aliona?"

Jirani aliyeona amekwisha kufariki. Cheti cha kifo hakuna. Mtoto alizikwa uani kwa sababu makombora hayakumpa mtu nafasi ya kufika makaburini. Basi tunatafuta shahidi mwingine, tunaandika maelezo yake, tunapiga picha kovu la kipande cha bomu begani kwa dada wa marehemu. Sheria inadai hivyo, nami nakubali: fidia haitolewi kwa maneno matupu.

Lakini jeshi lililotufikia halikudaiwa ushahidi wowote kabla ya kufyatua. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa Kongo kujikinga na waasi wanaoishambulia, wakiwemo kundi la ADF. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Juni 1998 ADF waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, na mzazi wa Kichwamba ana haki ya kudai ulinzi. Ila kutoka milima ya Rwenzori, walikojificha ADF, hadi hapa ni mamia ya kilomita za msitu. Waliouana Kisangani walikuwa washirika wawili waliogombea mji na almasi yake, na ADF hawakuwemo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760.

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliikataa hoja ya kujikinga. Haikuona uthibitisho kwamba serikali ya Kongo ilihusika na mashambulizi ya ADF, ikaongeza kuwa kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mbali hivyo na mpaka hakulingani na mashambulizi yale. Februari 2022 iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na malipo yakaanza mwaka huohuo. Kesi dhidi ya Rwanda iliishia njiani mwaka 2006, Mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza.

Swali la kulipiza limerudi. Novemba 16, 2021 mabomu yaliua watu Kampala, na tarehe 30 mwezi huo Uganda ikaanza Operesheni Shujaa dhidi ya ADF pamoja na jeshi letu la Kongo. Safari hii Kinshasa iliridhia, na tofauti hiyo naiheshimu. Kambi zimevunjwa, mateka wameokolewa. Hata hivyo ADF walijigawa vikundi vidogo, wakasogea magharibi hadi Mambasa. Juni 2023 waliua wanafunzi 37 huko Mpondwe, ndani ya Uganda. Julai 2025 waliua waumini kanisani Komanda, upande wa Kongo. Wauaji wanakimbia bomu. Mwanakijiji hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo nasema wazi: kumlinda raia kwa silaha ni haki, kulipiza kisasi si haki. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni maswali yaleyale ninayomwuliza yule mama. Kabla ndege haijaruka, afande aseme anampiga nani, wapi, nani amethibitisha, na kijiji jirani kimeonyeshwa njia gani ya kutokea. Majibu yaandikwe, na Bunge lipewe nafasi ya kuyasoma. Asiye na majibu asipige. Askari wake wawekwe kwenye barabara, shule na makanisa ambako watu wanauawa. Tukimdai mjane ushahidi ili alipwe, hatuna udhuru wa kutomdai jenerali ushahidi kabla hajamfanya mtu mjane.