Ijumaa ya Mtu wa Luapula

Kasenga ni mji wa samaki. Jumatatu tunakula samaki, Jumanne vivyo hivyo, na Ijumaa, siku ya kujinyima nyama, mama hupakua bukari na samaki yule yule. Je, ndugu msomaji, hapo tumejinyima nini?

Sheria tumeitimiza, hilo hatukatai. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zamtaka kila aliyetimiza miaka 14 aache nyama siku ya Ijumaa. Lakini zawaruhusu pia maaskofu wa nchi kutaja chakula kingine badala ya nyama; yaonekana waliozitunga hawakuwasahau watu wa mitoni. Tena, aliyekosa nyama kwa umaskini hakufunga, amekosa tu.

Wahindi wa kale walilifikiri sana jambo hili. Katika yoga, kujikaza kwa hiari huitwa tapas, neno lenye asili ya joto na moto, na Patanjali aliliweka kati ya kanuni tano za mtu kujitawala. Hata hivyo Bhagavad Gita, kitabu chao kitukufu, chakataza ulafi na kujinyima kupita kiasi pia. Tena chataja tapas ya ulimi, yaani kusema kweli pasipo kuumiza. Dini yao si yetu, lakini neno hilo la ulimi latugusa. Nyumba ngapi hula samaki Ijumaa kwa utii, na usiku baba akarudi na bia kichwani na matusi kinywani?

Mto wetu nao una habari yake. Kila masika mpumbu walipanda Luapula makundi makundi, wamejaa mayai. Nani angengoja? Wachuuzi Wagiriki walikuwa tayari Kasenga, na malori yakapeleka samaki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nyavu zikategwa katika njia ile ile ya mayai. Miaka ya 1950 ilipoanza, mpumbu walikuwa wamepungua vibaya, na wingi ule wa zamani haukurudi.

Leo, ng'ambo ya Zambia, uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Huko ni kungoja kwa amri, na avunjaye hukamatwa. Ijumaa jioni, kati ya soko la samaki na mlango wa nyumba, hakuna askari. Ipo baa tu, na fedha i mfukoni.