Bei ya Kurudi Pwani

Boti ya mzee yule ina urefu wa mita 6 na mashine moja ya nyuma. Tulitoka nayo Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, Jumapili moja ya Agosti, mimi na mwenzangu wa kazini. Mzee ni baba yake. Kabla ya kufungua kamba alinivalisha jaketi la kuokolea kama mtoto anavyovalishwa kanzu ya Idi, akalikaza kwa mikono yake. Akajifunga mguuni kamba nyekundu ambayo ikichomoka, mashine inazima. Kisha akampigia mkewe simu: tuko watatu, tunakwenda upande wa Rame Head, saa kumi tutakuwa tumerudi, ikifika saa kumi na moja hujatuona, waite walinzi wa pwani.

Nilimsikia nikanyamaza. Kwetu Nungwi, kisiwani Unguja, mtu akisema maneno hayo huku anasukuma chombo ataambiwa anajichuria.

Tulikuwa tunavua makareli, samaki wa ukoo mmoja na vibua vyetu. Mshipi una ndoana sita zilizofungwa manyoya, chambo hakihitajiki. Unaushusha, unautikisa, na ukibahatika unawapandisha watatu kwa mkupuo. Tulishajaza kumi na mmoja kwenye ndoo. Utabiri wa asubuhi ulisema upepo wa kusini-magharibi ungeongezeka jioni. Haukungoja jioni. Kabla ya saa nane mchana ulikatika kabisa, maji yakalala kama yamemwagiwa mafuta, na huko magharibi mbingu ikashuka nyeusi mpaka usawa wa bahari.

"Kunjeni mishipi," alisema mzee, na tayari alikuwa ameshageuza omo. Samaki ndiyo kwanza walikuwa wameanza kula.

Ilituchukua nusu saa kufika nyuma ya ule ukuta mrefu wa mawe unaoikinga ghuba ya Plymouth. Mvua ilikuja ya ubavuni, mawimbi yakawa mafupi na yamesimama, na boti ikawa inadunda kama gari kwenye barabara ya mashimo. Tulipishana na boti ya waokoaji, ya rangi ya chungwa, ikitoka kumfuata mtu mwingine. Waokoaji wale ni wa RNLI, chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1824. Wengi wao ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine, na wanaendeshwa kwa michango ya wananchi. Tulipoingia penye maji matulivu mzee alimpigia mkewe tena: tumerudi. Nyumbani akatandaza soksi zake juu ya kipasha joto, akaomba chai, na habari ya bahari hakuitaja tena.

Usiku ule sikulala. Si kwa sababu ya mawimbi. Mawimbi makubwa kuliko yale nimeyaona. Kilichoniweka macho ni wepesi wa yule mzee kurudi.

Nilikuwa na miaka 14 ami aliponichukua kwenye ngalawa yake upande wa Tumbatu. Ilikuwa mwisho wa Machi, kaskazi imekufa na kusi haijaingia, zile siku za maleleji ambazo upepo hauna mwenyewe. Nataka niliseme hili wazi: ami aliliona wingu lake mapema kuliko mzee wa Plymouth alivyoliona la kwake. Hakuwa na redio wala simu. Aliinua uso, akanusa, akasema, "Lile limebeba upepo." Kisha akatazama chini, penye ngama, walipokuwa wamelala changu wanne. Ngisi wa chambo alikopa. Siku mbili za nyuma alirudi mikono mitupu.

"Tuvute kidogo, mwanangu," akasema.

Kidogo kile kilitaka kututoa roho. Upepo ulitupiga kabla tanga halijatuliwa. Ndubi ya upande mmoja ikanyanyuka juu ya maji, ikalia kama mlango mkavu, ikarudi chini kwa kishindo. Ami akaishusha foromali, tanga likamwangukia mabegani, akalikusanya kwa kulilalia. Akatupa nanga ili omo lielekee upepo. Mimi nikapewa kopo la mafuta lililokatwa mdomo, kazi yangu ikawa kufua maji. Nilifua mpaka vidole vikafa ganzi. Mbele yangu niliona mgongo wa ami na maji tu. Alikuwa akisoma dua, sauti yake inakuja na kupotea. Changu mmoja alielea, akatoka nje ya chombo na wimbi, na nakumbuka ami akimfuata kwa macho.

Huko pwani walijua kwamba tumekwenda kuvua, basi. Upande gani, mwamba gani, hakuna aliyeambiwa. Wazee wa diko walikuwa wamewasha moto wa makuti, na bibi alisimama majini mpaka magotini. Tulifika baada ya Isha, tukiuelekea moto ule. Ndiyo maana sikubali mtu aseme kwamba kwetu hakuna uokozi. Upo, na ni wa watu wanaokupenda, lakini hauna mashine, hauna redio, na haujui pa kukutafuta.

Asubuhi ami aliuza changu watatu, akaenda kumlipa mwenye ngisi. Hawakutosha. Alasiri akarudi mwamba uleule.

Nimechoka kusikia kwamba wavuvi wetu wanakufa kwa ujinga au kwa ukaidi. Mzee wa Plymouth amestaafu, ana pensheni, anavua kwa kujifurahisha. Kugeuza omo kulimpunguzia samaki wachache wa kukaanga. Ami kugeuza omo kungemgharimu deni la chambo, chakula cha siku ya tatu, na uso wake mbele ya mdai. Siku hizi vyombo vina mashine na hesabu imezidi ukali: mara nyingi petroli na barafu zinatoka kwa tajiri, na samaki wanarudi kwake kwa bei anayoitaka yeye. Kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye chombo na mabaharia. Nahodha akirudi mapema, mafuta yameshaungua na deni liko palepale.

Tahadhari nazo zipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inazitoa, kwa maneno ambayo kila mtu wa pwani ameyazoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024, watu walionywa siku kadhaa kabla, na boti za abiria kati ya Unguja na Dar es Salaam zikasimama. Tufani yenye jina inamsimamisha kila mtu, tajiri na maskini, kwa hiyo hakuna anayeona haya kukaa. Lakini tahadhari ya kawaida ikisema pwani nzima, siku kadhaa mfululizo, atakayekaa nyumbani ni yule mwenye akiba ya siku hizo.

Hata huku Uingereza haikuwa rahisi tangu mwanzo. Meli iitwayo Royal Charter ilipovunjika pwani ya Wales Oktoba 1859 na kuua watu zaidi ya 400, Admirali FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya serikali, alianza, mwaka 1861, kutuma maonyo ya tufani bandarini kwa telegrafu, na huko zikatundikwa alama juu ya mlingoti ili mabaharia wazione. Baadhi ya wenye vyombo vya uvuvi walilalamika, kwa kuwa chombo kilichofungwa gatini hakiingizi kitu. FitzRoy alifariki mwaka 1865, na mwaka uliofuata maonyo yakasitishwa. Yalirudi mwaka 1867, baada ya watu wa baharini kuyadai. Niliposoma habari hii nilimwona ami ndani yake, na nikawaona matajiri pia.

Kundi letu la watu wa Nungwi tulio Ulaya linachanga fedha za majaketi ya kuokolea. Nimetoa, na nitatoa tena, maana jaketi lingemfaa sana yule mtoto wa miaka 14. Lakini nimewaomba wenzangu tufungue na mfuko wa pili, ukae dikoni, usimamiwe na wazee wenyewe: chombo kikirudi kwa sababu ya wingu, mafuta na chambo vya siku ile vilipwe. Wengine wanaogopa kwamba watu watadanganya. Huenda wawili watatu watadanganya. Mimi naona ni nafuu kulipia petroli ya mwongo kuliko kutuma rambirambi.

Jumatatu nilimpigia ami. Ana miaka sabini na ushei, haendi tena baharini, lakini kila alasiri anashuka dikoni kuhesabu vyombo vinavyoingia. Nilimsimulia safari yote: jaketi, simu ya mke, wingu, ukuta wa mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Na mafuta ya kwendea," akauliza, "mlidaiwa na nani?"

Nikamwambia hatukudaiwa na mtu.

Alikaa kimya kitambo. Nyuma yake nilisikia watu wakinadi samaki.