Gari la Amana kwa Njia za Moiben

Moiben ni nchi ya ngano na mahindi, kaskazini-mashariki mwa mji wa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake si kama masika yetu ya pwani. Huanza Machi au Aprili, ikaendelea hadi Septemba. Lami ikiisha, njia za mashambani huwa utelezi mtupu, na teksi za mjini hukataa kuingia. Sisi tuliohamia huku kutoka Mombasa kufuata riziki tunaishi na watoto watatu na mavyaa wangu, ambaye magoti hayamruhusu mwendo mrefu. Kwetu, gari la kuvutwa na magurudumu yote manne halikuwa pambo. Lilihitajika kumfikisha mama hospitali siku ya mvua, na kuwashusha watoto Bonde la Kerio siku za mapumziko.

Mume wangu hakutaka mkopo wa riba. Benki za Kiislamu, zilizoanza kazi nchini Kenya mwaka 2008, zina njia ya murabaha: benki hununua gari, kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo. Lakini tulipopiga hesabu, akiba yake pamoja na sehemu ya dhahabu yangu vilitosha bila deni. Dhahabu ya mke ni mali yake, na hakuna aliyenilazimisha kuitoa. Niliitoa kwa masharti mawili: jina langu liandikwe pamoja na lake katika hati ya umiliki, na gari lisinunuliwe kabla sijaliona likikaguliwa. Dada zangu, msione haya kusema hivyo. Mapatano yaliyoandikwa huhifadhi mapenzi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na yaliyo chini ya umri huo yalituzidi kimo. Tukatafuta lililokwisha kutumika humu nchini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika magari, kibaya hung'arishwa. Kwa hiyo fundi wetu alianza chini ya gari, si juu. La kwanza lilikuwa limeishi karibu na bahari, na rangi yake ilimeta kama kioo, lakini fundi alipoligonga fremu kwa bisibisi, kutu ilimwagika kama unga. Hewa ya chumvi hula chuma polepole, na fremu iliyolika haifichiki kwa rangi. Tuliliacha.

Tulilolichukua ni Toyota Prado ya mwaka 1999, ya dizeli, yenye viti vya kutosha na gia nzito za kupandia na kushukia milima. Ina tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo nacho hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa kuwa injini ya aina hiyo hujulikana kupasuka kichwa ikichemka, fundi aliliwasha likiwa baridi, akatazama maji ya rejeta kama yana mapovu au mafuta, kisha tukalipandisha mlima mrefu macho yakiwa kwenye kipimo cha joto.

Vijana wa karibu walishauri liinuliwe sana na kuwekewa ngao kubwa ya chuma mbele. Tulikataa. Kila inchi ya kimo hulifanya gari kuwa jepesi kupinduka, na mama angepandaje? Tuliliinua sentimita 4 tu, kwa springi imara za nyuma na shokomzoba mpya. Tulinunua tairi tano za meno ya wastani, za ukubwa uleule wa kiwandani, tukafunga ndoano madhubuti za kuvutia mbele na nyuma, na kipandio cha pembeni chenye kishikio kwa ajili ya mama. Viti vya nyuma vilivyokuwa na mkanda wa kiunoni pekee vilipata mikanda ya kupita begani, na mdogo akanunuliwa kiti chake. Kisha tuliijulisha kampuni ya bima mabadiliko yote, ili siku ya haja pasiwe na ubishi.

Jeki, kamba ya kuvuta, kipima upepo na pampu ndogo havishuki garini. Kwenye matope hupunguza upepo wa tairi kutoka pauni 32 hadi 22, tukifika lami huujaza tena. Kutoka Iten hadi sakafu ya bonde ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000, na hapo gia nzito hushikilia gari ili breki zisichemke. Mvua kubwa ikiwa imenyesha, hatushuki.

Gari la familia ni amana, kwani waliomo ndani hawakuchagua dereva wala njia. Fedha yetu nyingi ya marekebisho ilikwenda mahali jirani hawezi kupaona: kwenye mikanda, breki na tairi. Dhahabu yangu sasa imo humo, na siijutii.