Namba Hasi Katika Majibu Yetu

Darasa la sita, kipeuo cha pili cha 49 kilikuwa 7, basi. Tulikitafuta kwa vigawo tasa: 144 unaivunja kuwa 2×2×2×2×3×3, katika kila jozi unachukua kimoja, unapata 12. Namba hasi tulizijua kwenye mstari wa namba tu. Hazikuwa na undugu na vipeuo.

Sekondari mambo yakageuka. Mwalimu aliandika x² = 49, akaihamishia 49 kushoto, kisha akaupanga mlinganyo: (x − 7)(x + 7) = 0. Namba mbili zikizidishwa zikaleta sifuri, mojawapo lazima iwe sifuri. Kwa hiyo x ni 7 au −7. Kuanzia hapo, aliyesahau kuweka ± alikatwa alama.

Kikokotoo kikatuletea ubishi mpya, maana chenyewe kilitoa 7 peke yake. Na kilikuwa sahihi. Alama ya √, kwa makubaliano, husimamia kipeuo kisicho hasi. Ile ± huletwa na mlinganyo, kwa sababu wenyewe unataka kila namba ambayo mraba wake ni 49.

Nilipoanza kufundisha ndipo nilipojua kwamba wanahisabati wakubwa nao walipita njia hiyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alitafuta majibu chanya tu. Bhaskara wa India, karne ya 12, alieleza kwamba namba chanya ina vipeuo viwili, chanya na hasi.

Darasani nilipenda swali la bustani: urefu umezidi upana kwa mita 5, eneo ni mita za mraba 84. Upana ukiwa x, basi x(x + 5) = 84, na majibu ni 7 au −12. Miaka mingi niliwaambia wanafunzi waikate −12, kwa kuwa hakuna upana ulio hasi, tuendelee.

Siku hizi nawaambia waiangalie kwanza. Upana ni 7, urefu ni 12: jibu linalokatwa limebeba urefu wa bustani ileile. Kisha nawapa kazi ya kuanza na urefu, wauite y. Mlinganyo unakuwa y(y − 5) = 84, nao hutoa 12 na −7. Namba ni zilezile, zimebadilishana alama tu, na sababu yake nawaachia waitafute wenyewe.