Asanteni, Familia za Maaskari

Sisi ni walimu wa kujitolea wa hapa Lobule, Koboko. Mwezi huu tumeona tuandike juu ya shukrani, na tumechagua watu ambao pengine hamkuwategemea: wake wa maaskari, wajane wao na watoto wao.

Tunajua mtasema nini. Wengi wetu tulivuka kutoka Kongo kwa sababu ya watu wenye bunduki. Darasani kwetu wapo watoto ambao wakisikia lori kubwa barabarani wanaingia chini ya dawati. Basi hatuandiki kuwasifu wenye bunduki. Tunaandika juu ya wale wanaobaki nyuma, wanaopika na kungoja.

Kwanza, hii lugha mnayosoma. Huku West Nile Kiswahili kililetwa hasa na jeshi. Baada ya eneo hili kuwekwa chini ya Uganda mwaka 1914, vijana wengi wa Kikakwa, Kilugbara na Kinubi waliandikishwa katika King's African Rifles, na katika Vita vya Pili wanajeshi wa KAR walifika hadi Burma. Mkakwa na Mwacholi hawaelewani kwa lugha za nyumbani, kwa hiyo amri zilitolewa kwa Kiswahili. Na ndani ya laini, yaani zile nyumba za familia kambini, akina mama wakakichukua. Uganda ya kusini wako wanaokiogopa mpaka leo, eti ni lugha ya maaskari na wezi. Sawa, lakini pia ni lugha ya jirani anayeomba kaa la moto na chumvi kidogo.

Hayo tumefundishwa na bibi mmoja, mwenyeji wetu, jirani wa shule. Jina lake hatuliandiki, mwenyewe hataki. Aliolewa akiwa msichana na askari wa Kikakwa, akapelekwa laini za Jinja. Mlango wa pili alikaa mama wa Kiacholi, naye mume wake askari. Walizaa mwaka mmoja. Mmoja akienda sokoni, mwingine ananyonyesha wote wawili. Hakuna aliyeona ajabu, ndivyo maisha ya laini yalivyokuwa: ndugu zako wako mbali, leo mko Jinja, kesho mume anahamishwa Moroto, na anayekupokea uchungu wa uzazi ni mke wa koplo uliyemjua juzi.

Halafu Januari 1971 Idi Amin, mtu wa kwao Koboko, akachukua serikali. Julai mwaka huohuo maaskari wengi Waacholi na Walango waliuawa katika kambi za Jinja na Mbarara. Mume wa yule rafiki alitoka asubuhi hakurudi. Bibi anasema mume wake mwenyewe alimkataza kufungua mlango. Alifungua. Alimfunga rafiki yake kitambaa kichwani kama wanavyofunga wanawake wa Kinubi, akabeba mtoto wake mgongoni, wakatoka getini pamoja kama watu wanaokwenda sokoni. Alimpandisha basi, akarudi peke yake. Siku hizo mtu aliweza kufa kwa jambo kama hilo.

Mwaka 1979 zamu ikamfikia yeye. Serikali ya Amin ilipoanguka familia za wanajeshi wake zilikimbilia huku, na mwaka 1980 vita vikafika Koboko na Arua zenyewe. Bibi akavuka na watoto hadi upande wa Aru, Zaire wakati ule. Familia moja ya Kikongo ikawapa kibanda na shamba la mihogo. Sasa mnaelewa kwa nini sisi tulipofika alitukatia kipande cha ardhi tulime mboga za wanafunzi, bila kuulizwa na mtu. Alisema tu kwamba Kongo anaijua.

Mwaka uliopita tulipokea mvulana ambaye baba yake ni askari wa Kongo. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja. Sisi tulisema weee, hawakusikia. Bibi ndiye alikuja, akakaa yeye mwenyewe kwenye lile dawati na kigongo chake, siku tatu mfululizo, akisuka kikapu. Siku ya nne wasichana wawili walikuwa wamebanana naye ili wajifunze kusuka, na mvulana yuko katikati anashika nyuzi. Hatusemi kila kitu kimekwisha. Wapo wazazi waliotulalamikia, na machungu yao tunayaheshimu.

Tunawakumbuka pia akina mama wa Arua na Koboko ambao waume zao ni wa UPDF. Wengine walienda Somalia kuanzia 2007, wengine waliingia kwetu Kongo mwishoni mwa 2021. Simu isipolia wiki mbili, hao mama wanalala kwa jirani. Asanteni kwa kutugawia maji kisimani hata siku mnazongoja habari.

Kuna ombi moja. Yule rafiki wa Jinja alielekea Kitgum, na tangu siku ile bibi hajapata habari zake. Aliacha sufuria kubwa ya kupikia posho, nayo ilienda Zaire ikarudi. Kama katika wasomaji yupo mwenye mama au bibi Mwacholi aliyekaa laini za Jinja mwaka 1971, akasaidiwa kutoka na mke wa Mkakwa, aje shuleni aulizie walimu. Sisi tutampeleka.