Noti za Bibi na Deni Lisilo na Makataa

Julai mwaka 2025 nilikuwa kwa bibi yangu, katika vilima vya Umatengo, wilayani Mbinga, msimu wa kuchuma kahawa. Asubuhi moja alifika mgeni kutoka Mbamba Bay, mtu wa makamo. Baada ya shikamoo na chai alieleza kwa adabu kilichomleta: marehemu baba yake, mvuvi, alimwachia maneno kwamba bibi ana fedha zake.

Bibi hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye kutu, akahesabu mbele yetu noti sita za shilingi 10,000 za toleo la mwaka 2003.

"Baba yako alinikopesha dagaa," akasema. "Mwaka 2006 nilimpelekea fedha zake mwenyewe hadi ufukweni. Akaniambia, kaa nazo, mama, nitazipitia nikija kununua mbao za mtumbwi. Hakuja. Nami sikuzigusa."

Mgeni alizitazama, kisha akanitazama mimi. Ilinibidi niseme: "Bibi, hizi si fedha tena."

Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025. Baada ya hapo zisingekuwa fedha halali. Tangazo hilo nililisoma kwenye simu, nikalipita, kwa kuwa mfukoni mwangu hamkuwa na noti ya namna hiyo. Sikumkumbuka mzee hata mmoja mwenye kopo. Hilo ni kosa langu, na silitafutii mwenzake.

Tujiulize basi: ni nini huifanya karatasi iwe na nguvu ya kulipa deni? Si wino wala picha ya tembo. Ni tamko la sheria. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inaipa benki hiyo peke yake mamlaka ya kutoa noti na sarafu zilizo halali kwa malipo nchini, na pia mamlaka ya kuziondoa kwa kutoa taarifa. Kule ziwani mfanyabiashara anaweza kupokea kwacha ya Malawi kutoka kwa jirani anayemwamini. Hayo ni maelewano yao. Lakini mdaiwa wa shilingi hawezi kumlazimisha mdai wake apokee kwacha. Fedha halali ni ile ambayo mdai akiikataa, kosa la kutolipa haliwi tena la mdaiwa.

Hapo ndipo kisa cha bibi kinapokuwa kigumu. Mwaka 2006 alipeleka fedha halali, kwa kiasi kamili, mahali panapostahili. Mwanasheria angeweza kubishana kwamba tangu siku ile noti zile zilikuwa amana ya mvuvi, na hasara ni ya mwenye mali. Angeweza pia kuongeza kwamba sheria huhesabu tarakimu, haihesabu thamani: deni la shilingi 60,000 hulipwa kwa shilingi 60,000, hata kama leo hazinunui dagaa wale wa mwaka 2006. Nilianza kumweleza mgeni hoja hizi. Bibi akanikatiza: "Mjukuu wangu, mimi nilikula dagaa, sikula karatasi."

Alilipa upya, kwa fedha za kahawa ya msimu huu.

Sipingi kuondolewa kwa noti kuukuu. Huchakaa, na za zamani ni rahisi zaidi kughushiwa. Ninachopinga ni kuchanganya mambo mawili. La kwanza ni uhalali wa noti dukani. Huo unaweza kukoma kwa tarehe. La pili ni wajibu wa aliyeitoa noti kwa anayeishika. Huo kwa nini ukome? Uingereza huondoa noti zake sokoni, lakini Benki Kuu yake huendelea kuzipokea bila kikomo. Wajerumani, ambao zamani waliiita Liuli yetu Sphinxhafen, waliiacha mark na kuingia kwenye euro, na hadi leo Benki Kuu yao hubadilisha mark bila makataa. Sisi tulitoa miezi mitatu, tena ya masika na matope, kwa watu ambao benki yao ni kopo.

Serikali hutoza riba na faini kwa kodi iliyochelewa, lakini haisemi kwamba kodi hiyo imekufa. Deni la raia kwa dola halizeeki upesi. Haki ingedai kwamba ahadi ya dola kwa raia nayo isizeeke katika robo mwaka. Dirisha la Benki Kuu libaki wazi, kwa masharti ya uhakiki wanayotaka, hata kama maduka yamefungiwa.

Bibi amezirudisha noti zile kwenye kopo. Nilipomuuliza za nini, alijibu kuwa si zake kuzitupa. Ndugu msomaji, ukirudi nyumbani, waulize wazee wako wanahifadhi wapi akiba zao, kabla tangazo lingine halijasomwa.