Goma: mtu wa tanuru ndiye anajua pa kupunguza gharama

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Tangu hapo, wenye viwanda vidogo vya mikate wanahangaika kupata noti za kulipia unga, makala na mafuta ya jenereta. Wazo la kwanza la mapatroni wengi ni kuondoa watu wawili watatu. Wanaotoka mbele mara nyingi ni wahami kutoka Masisi na Rutshuru, kwani waliingia kazini mwisho.

Hasara lakini inajificha pengine. Tanuru likiwashwa mapema kuliko unga kuumuka, makala yanaungua bure. Mlango wake ukifunguliwa kila mara, joto linatoka. Patroni anayeshinda kwenye hesabu zake hayaoni hayo. Anayeona ni kijana wa zamu ya usiku, na kijana huyo ananyamaza: hajaulizwa, ama anaogopa kwamba akionyesha njia ya mkato atajikata mwenyewe.

Na kuuliza tu "tupunguze wapi?" hakutoshi. Kiwanda ambacho hakijasema kinataka nini mbele ya yote, wafanyakazi watapunguza unga ndani ya mkate, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi. Wiki mbili tu, mama wachuuzi wameshapima kwa mkono na wamehamia kwa jirani. Kama shabaha ni uzito uleule na mkate kufika sokoni alfajiri, basi watu watatafuta akiba kwenye makala na kwenye saa, si kwenye unga.

Toyota, ambayo magari yake yanajaa barabara zetu, ilipitia hapo. Mwaka 1950 ilikaribia kuanguka. Wengi walipoteza kazi, mgomo ukapamba moto, na mkubwa wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Mwaka 1951 ikaanza kukusanya mawazo ya wafanyakazi, jambo ambalo Eiji Toyoda alikuwa ameliona kwa Ford huko Marekani. Ila kuaminiana kulichukua muda: tamko la pamoja la wakubwa na sendika lilikuja 1962.

Goma haina miaka kumi ya kungoja. Patroni anaweza kuanza kesho kwa kutamka mbele ya wote kwamba wazo la kuokoa makala halitamfukuza mtu wa makala, na kwamba aliyelitoa atarudi nyumbani na mikate michache ya watoto.